Anwani za muda zinavyoweza kuokoa barua za wageni Mji Mkongwe

WENYE nyumba za wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua vyema kazi ya kwanza ya asubuhi: kufungua kompyuta na kuchambua barua pepe. Katikati ya matangazo ya dawa za kupunguza unene, bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza na "urithi" wa marehemu asiyejulikana, huenda imejificha barua moja ya mgeni kutoka Italia anayeulizia chumba kwa siku nne. Ikifutwa kwa bahati mbaya pamoja na taka, mgeni huyo hangoji. Hugeukia nyumba nyingine, pengine iliyo kichochoro cha pili tu.

Taka hizi zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 3 Mei, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital ya Marekani alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET. Alilaumiwa sana, lakini mlango ulikwishafunguka.

Wengi huuliza: wamenipataje? Zipo programu zinazozunguka katika tovuti usiku na mchana zikitafuta alama ya @ na kunakili kila kilicho kando yake. Mwenye nyumba ya wageni hana budi kuibandika anwani yake hadharani, na pale mgeni anapoiona, programu hizo nazo huiona. Njia nyingine ni wizi. Yahoo, iliyopendwa mno Afrika Mashariki enzi za mikahawa ya intaneti, iliibiwa taarifa mwaka 2013, na mwaka 2017 ikathibitika kwamba zilizoguswa ni akaunti zote bilioni 3.

Hapo ndipo inapokuja anwani ya muda. Watu huizungumza kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ziko za namna mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Ya kwanza ni sanduku la wazi. Mfano wake maarufu ni Mailinator, iliyoanzishwa na Paul Tyma mwaka 2003. Hujiandikishi wala huweki neno la siri. Unabuni jina lolote, unampa anayekuomba anwani, kisha unakwenda kuisoma barua yako. Baada ya saa kadhaa hufutika. Nyingine, 10 Minute Mail, kama jina lake linavyosema, hukupa dakika kumi. Inafaa kwa kupakua ramani au kusoma makala moja katika tovuti usiyokusudia kurudi.

Ila sanduku la wazi ni wazi kwa kila mtu. Yeyote atakayeandika jina lile lile atazisoma barua zile zile. Chukulia kijana wa mapokezi aliyechoshwa na matangazo akatumia anwani ya namna hii kufungulia akaunti ya nyumba katika tovuti ya kuuzia vyumba. Tapeli akibonyeza "nimesahau neno la siri", kiungo cha kubadilishia kitatumwa katika sanduku ambalo naye anaweza kulifungua. Akishaingia, hahitaji kuiba chochote siku hiyo. Hubadilisha tu namba ya akaunti ya benki ambamo malipo ya wageni huingia, akasubiri msimu.

Namna ya pili ndiyo inayoifaa biashara, nami naiita lakabu. Mzanzibari haoni ajabu mtu mmoja kuwa na jina la chuoni, jina la nyumbani na lakabu ya barazani. Huduma hukutengenezea anwani nyingine, na kila kinachotumwa huko hupitishwa hadi katika sanduku lako halisi bila mtumaji kulijua. Mozilla ilianzisha Firefox Relay mwaka 2020, Apple ikawawekea wateja wa iCloud+ huduma kama hiyo mwaka 2021, na SimpleLogin ilinunuliwa na Proton ya Uswisi mwaka 2022. Ukimpa kila wakala wa safari lakabu yake, siku taka zitakapoanza kumiminika utajua zimepitia kwa nani, na utaifunga ile moja bila kuzigusa nyingine.

Wenye Gmail wanayo njia nyepesi isiyo na gharama: jina lako, alama ya kujumlisha, kisha neno kama "mawakala", kabla ya @gmail.com. Barua hufika pale pale. Udhaifu wake ni kwamba mjanja hukata kila kilicho baada ya alama ya kujumlisha akabaki na anwani yako kamili.

Kwa anwani iliyobandikwa katika tovuti, busara ni kuibadilisha wakati wa masika, wageni wanapokuwa wachache, na si katikati ya Julai. Ya zamani isifungwe papo hapo, kwani mgeni aliyelala kwako miaka mitatu iliyopita anaijua hiyo tu. Iache ipokee kwa mwaka mzima katika folda yake ya pekee.

Sheria ipo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa ujumbe usioombwa, lakini watumaji wengi wako nje ya mipaka ya nchi. Machujio ya leo nayo ni hodari kuliko ya miaka 20 iliyopita, ingawa mara nyingine humtupa mgeni wa kweli jalalani. Folda ya taka ifunguliwe kila siku.

Mtu wa mapokezi aelezwe jambo moja zaidi. Barua iliyokuja kupitia lakabu ijibiwe kwa kubonyeza "jibu" ndani ya barua ile ile, na baadhi ya huduma hutoza fedha kwa fursa hiyo. Akiandika barua mpya kutoka sanduku halisi, anwani iliyokuwa ikifichwa itakuwa imeshatoka nje.