Je, Wajua? Pua Si Mlinzi wa Kutegemea

Je, wajua kwamba gesi yenye harufu ya mayai viza inaweza kukupokonya uwezo wa kuinusa ilhali bado unaivuta? Ni haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo, hunuka vibaya na kuwasha macho. Ikizidi, mishipa ya kunusa hufa ganzi, na mtu hudhani hewa imesafika.

Wakazi wa Webuye, Kaunti ya Bungoma nchini Kenya, waliizoea harufu ya namna hiyo tangu kiwanda cha karatasi kilipoanza kazi mwaka 1974 hadi kilipofungwa 2009. Harufu hiyo hutokea vipande vya mbao vinapopikwa kwa kemikali zenye salfa. Mabati ya nyumba za jirani yalishika kutu upesi, yakatoboka. Mapafu je?

Kitale, kwenye mahindi mengi, hatari iko ghalani. Vidonge vya kufukizia nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini. Gesi hii huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini ikiwa safi hainuki kabisa. Hupenya magunia na nyufa za mlango, hushambulia moyo na mapafu, na hakuna dawa ya kuizimua mwilini. Barakoa ya kitambaa haiizuii.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Vidai, ni haki yako. Na nyumbani, tafadhali, usimlaze mtoto chumba kimoja na mahindi yaliyotiwa vidonge, hata kwa usiku mmoja.