Umeingia bodi ya NGO? Haya ndiyo ya kuangalia kwenye hesabu kabla hujasaini

Kikao cha bodi kimeitishwa saa nne asubuhi. Ajenda ya fedha imewekwa mwisho, kabla ya mengineyo. Taarifa ya mapato na matumizi inagawiwa hapo hapo mezani, muda umeshaisha, watu wana njaa. Mwenyekiti anauliza: "Wajumbe, tuipitishe?" Mikono inanyooshwa, fomu ya posho inazunguka, kikao kinafungwa.

Wengi waliowahi kukaa kwenye bodi za mashirika yasiyo ya kiserikali wanakijua kikao cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba mkono ulionyooshwa unabaki kwenye muhtasari. Hela ikija kupotea, swali la kwanza litakuwa: bodi ilikuwa wapi?

Mfano: matangi ya maji sita

Chukua shirika la kufikirika lenye ofisi Dodoma mjini. Limepewa Sh60 milioni kujenga matangi ya kuvuna maji ya mvua katika shule sita za wilaya za Bahi na Chamwino, Sh10 milioni kila tangi.

Kikao cha bodi kinakaa Septemba. Taarifa inasema matangi mawili yamekamilika, mengine manne "yako kwenye utekelezaji", na benki kuna Sh18 milioni. Kwa haraka haraka, mambo ni mazuri.

Sasa piga hesabu. Matangi mawili ni Sh20 milioni, kwa hiyo zinapaswa kubaki Sh40 milioni. Zilizopo ni 18. Sh22 milioni ziko wapi?

Huenda hakuna aliyeiba. Mradi mwingine ulichelewa kupata hela, mishahara ikalipwa kwa hela ya matangi, kisha pango la ofisi, kisha mafuta ya gari. Kila mara ilisemwa "tutairudisha".

Lakini Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili. Tangi lisipokamilika kabla ya mvua, watoto wa shule hiyo wataendelea kubeba madumu mwaka mzima mwingine. Mjumbe mmoja tu angefanya hesabu hiyo mezani, bado kungekuwa na muda wa kusimamisha matumizi mengine na kuongea na mfadhili.

Sheria inasemaje?

Mashirika haya yanaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho likiwemo lile la 2019. Kila mwaka shirika linatakiwa kuandaa taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa, na kuziwasilisha kwa Msajili.

Kanuni za mwaka 2018 zinataka uwazi kwenye fedha zinazozidi Sh20 milioni. Shirika linatakiwa kuutangazia umma fedha hizo na matumizi yake, na kuwasilisha mkataba wa ufadhili Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10.

Shirika linalokiuka sheria linaweza kusimamishwa au kufutiwa usajili. Kwa walioko Dodoma, Msajili hayuko mbali: yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, hapo hapo makao makuu.

"Mimi si mhasibu"

Hiyo ndiyo sababu inayotolewa sana. Mjumbe ni mchungaji, mwalimu mstaafu au mkulima wa zabibu, hesabu anamwachia mweka hazina. Ila mweka hazina hapigi kura peke yake. Bodi nzima ndiyo inayopitisha, kwa hiyo kila mjumbe ana haki ya kuelezwa mpaka aelewe.

Bodi haiendi kukaa ofisini kuandika hundi, hiyo ni kazi ya mkurugenzi mtendaji na watu wake. Kazi ya bodi ni kupanga utaratibu, kuuliza na kufuatilia majibu. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Bajeti na matumizi viwe ukurasa mmoja. Kilichopangwa, kilichotumika, kilichobaki. Kama nusu mwaka imepita na hela ya mafuta imeshaisha, ulizeni leo, msisubiri Desemba.

2. Taarifa ya benki yenyewe. Muhtasari wa mhasibu hautoshi. Omba karatasi ya benki ya tarehe ile ile, uone kama salio linalingana na la kwenye vitabu.

3. Hela yenye kazi maalumu. Ulizeni: katika salio hili, kiasi gani ni cha mradi upi? Swali hili lingegundua tatizo la matangi mapema.

4. Nani anatoa hela? Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeidhinisha. Watia saini wawe angalau wawili, na hundi zisisainiwe zikiwa tupu. Kama shirika linalipa kwa simu, laini isiwe ya jina la mfanyakazi.

5. Kodi na mafao. Kodi ya mishahara inatakiwa kufika TRA kabla au ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Omba uthibitisho wa malipo ya TRA na NSSF. Makato ya wafanyakazi yasiyopelekwa ni deni linalokua kimya kimya, na riba yake hakuna mfadhili anayependa kuilipa.

6. Mzabuni ni nani? Kama fundi wa matangi ni shemeji wa mjumbe, mjumbe huyo aseme mapema, iandikwe, na atoke nje wakati wa uamuzi.

7. Mkaguzi wa nje akutane na bodi. Awe amesajiliwa na NBAA, na asichaguliwe na mkurugenzi peke yake. Pamoja na ripoti, ulizeni barua yake kwa uongozi. Humo ndimo kasoro ndogo ndogo huandikwa.

Hata wakubwa huanguka

Uingereza kulikuwa na shirika la kusaidia watoto lililoitwa Kids Company. Lilikuwa na jina kubwa na lilipewa mamilioni ya pauni na serikali, lakini likafungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea ruzuku ya pauni milioni 3.

Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa kuwafungia wajumbe wa bodi yake kuongoza kampuni. Hata hivyo, mwaka 2022 mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ilisema kulikuwa na usimamizi mbovu, ikiwemo kuchelewa kulipa wadai na kodi. Shirika liliishi bila akiba ya maana, kwa hiyo hela ilipokatika halikuwa na pa kushikia.

Kama umeshachelewa

Kama umekuwa ukipitisha taarifa bila kuisoma, anza na kikao kijacho. Omba taarifa ya fedha ifike siku saba kabla. Omba ajenda ya fedha ipandishwe juu, watu wakiwa bado wana nguvu. Usipoelewa, uliza. Usiporidhika na jibu, omba hoja yako iandikwe kwenye muhtasari kwa jina lako, pamoja na tarehe ya kuletewa jibu.

Utaonekana msumbufu? Huenda. Lakini mtendaji anayefanya kazi yake vizuri ana vielelezo, na kuvileta mezani hakutamchukua hata nusu saa. Akianza kuzungusha maneno kwa swali la salio la benki, basi bodi imeshajua pa kuanzia.