Si chunusi hizo, ni chunjua bapa

Sokoni Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, mwenye vipele usoni haulizwi sana. Huuziwa tyubu akaondoka. Zipo tyubu zenye steroidi, nazo hudhoofisha kinga ya ngozi, chunjua zikazidi kuenea.

Chunjua bapa ni vijivimbe laini vya milimita 1 hadi 5, vya rangi ya ngozi au kahawia. Havina usaha kama chunusi. Huletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 3 na ya 10. Vikijipanga mstari kidevuni au kwenye paji, mara nyingi hiyo ni njia ya wembe au kucha. Ukimbizini tulikosoma, wembe mmoja ulinyoa darasa zima! Sasa kila mtu awe na wake, na usinyoe palipoota.

Nyingi hupona zenyewe, lakini kwa miezi, hata miaka. Tindikali ya betri, au dawa ya sugu za miguuni, huunguza uso na kuacha kovu. Asiyeweza kusubiri amwone daktari wa ngozi: ipo krimu ya tretinoini, na zipo njia za kuzigandisha. Mtu mzima zikimtoka nyingi ghafla, apime na VVU.