Mzee Anaposahau, Nani Ashike Dawa?

Katika nyumba nyingi za mjini upo mkebe wa biskuti ambao haujaona biskuti miaka mingi. Ndani mna vidonge vya mzee: vya presha, vya kisukari, vya magoti, na vingine ambavyo hakuna ajuaye viliandikwa na daktari gani. Maadamu mzee ana kumbukumbu zake, mkebe huo hauna neno. Taabu huanza siku kumbukumbu zinapomtoroka.

Shangazi yangu alikuwa na kisukari na presha miaka mingi kabla ya kuanza kusahau. Siku moja alimeza vidonge baada ya sala ya alfajiri, na saa tatu akameza tena, maana hakukumbuka vile vya kwanza. Chai yake ilikuwa mezani, imepoa, haijaguswa. Tukamkuta jasho linamtiririka, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Jirani mmoja akasema ni uzee. Mwingine akanong'ona kuwa pana mkono wa mtu. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka. Nasi tuliokuwa tukiishi naye hatukuwa tumehesabu vidonge vyake hata siku moja.

Maradhi haya ya kusahau, ambayo madaktari huyaita dimensha, si uzee wenyewe. Ni ugonjwa wa ubongo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Mara nyingi hayaji peke yake. Presha na kisukari huharibu mishipa ya damu, na mishipa ndiyo inayolisha ubongo kama inavyolisha moyo na figo. Dimensha nayo ikishaingia huyafanya maradhi ya kwanza yawe magumu kutibu: mgonjwa husahau kula, husahau kunywa maji, wala hawezi kueleza anaumwa wapi.

Kwa kawaida usahaulifu huu huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akiongea vizuri juzi, leo hawatambui wanawe au anasinzia kutwa, msiseme ugonjwa wake ule ule umezidi. Huenda sukari imeshuka au imepanda, huenda ni maambukizo ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, kiharusi, au dawa mpya aliyoanza wiki hii. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama anatumia dawa za kisukari na anaweza kumeza, apewe maji ya sukari. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu kinywani.

Halafu kuna kliniki. Ya kisukari ina siku yake, ya presha yake, ya macho yake, na kila daktari huandika dawa za upande wake. Aliyekuwa akiziunganisha habari hizo ni mzee mwenyewe, kichwani mwake. Sasa lazima mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si "watoto wote", ashike mkebe, amwone mzee akimeza, na siku ya kliniki aubebe wote, pamoja na vidonge vya dukani. Baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huvuruga zaidi akili za wazee. Aulize pia kama dawa zote bado zahitajika. Kwa mzee dhaifu, daktari aweza kuona afadhali sukari isibanwe mno, kwani kushuka kwake huua haraka. Lakini mwenye kupunguza ni daktari, si sisi.

Kwetu kazi hiyo tulimtwika binamu yangu wa kike, sisi wanaume tukatuma fedha na pole. Haukupita muda naye akawa anapimwa presha. Siku hizi Jumamosi na Jumapili mkebe ni wangu. Shangazi huuliza kila kidonge ni cha nini, namweleza, anameza. Kisha huuliza tena kuhusu kile kile alichokwisha kumeza.