Giaboksi Kuukuu ya Otomatiki: Safisha Kwanza, Ndipo Ufunge

Wazee waliohamia mashamba ya Makueni mwishoni mwa miaka ya 1940 walijua kwamba kazi ya kwanza haikuwa kuleta ng'ombe. Kwanza kichaka kilifyekwa, maana humo ndimo mbung'o walimokaa. Aliyeleta ng'ombe penye kichaka alipoteza ng'ombe wake. Mafunzo hayo yanafaa pia kwa mkulima anayetaka kutia giaboksi kuukuu katika motokaa yake.

Siku hizi motokaa nyingi zinazochukua maembe kutoka Wote na ndengu kutoka Mwingi zimetumika kwanza Japani, na nyingi zina gia za otomatiki. Giaboksi ikifa wakati wa mavuno, maembe huoza shambani na fedha za mwaka mzima hupotea. Giaboksi mpya ni ya bei kubwa mno, basi mkulima hununua iliyotumika, kama zile zinazouzwa barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Si vibaya kufanya hivyo. Lakini wengine huifunga leo, na baada ya miezi michache nayo imekufa. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu kilichoiua ya kwanza bado kimo ndani ya motokaa.

Basi fuata mambo haya, moja baada ya jingine.

1. Hakikisha kwamba imekufa kweli. Motokaa inayochelewa kushika gia huenda imepungukiwa na oili tu, au waya umelegea. Pima oili, kisha mwambie fundi aunganishe mashini ya kusoma makosa ya kompyuta.

2. Nunua inayolingana. Usidanganywe na umbo la nje. Katika Toyota, alama ya giaboksi imeandikwa kwenye kibati cha motokaa. Iandike na uende nayo dukani. Kwa mfano, Probox za otomatiki za tangu mwaka 2002 zilikuwa na gia nne, lakini zile zilizoundwa tangu mwaka 2014 zina gia za mkanda, ziitwazo CVT. Hazibadilishani.

3. Ikague kabla ya kulipa. Nusa oili iliyobaki ndani. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, iache. Omba bakuli la chini, yaani sampu, lifunguliwe. Unga laini wa kijivu kidogo juu ya sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma ni hatari. Pata risiti yenye alama ya giaboksi na siku ulizopewa za kuijaribu.

4. Safisha njia za oili. Hapa ndipo penye kichaka chetu. Oili ya gia hupita katika mabomba hadi kwenye kipoza-oili, ambacho mara nyingi kimo ndani ya rejeta. Giaboksi ya zamani ilipokufa ilimwaga takataka zake humo. Usiposafisha, takataka hizo zitaingia katika giaboksi uliyoinunua. Kipoza-oili kisichosafishika kibadilishwe.

5. Badilisha vitu vidogo ingali chini. Sili ya mbele, filta na gasketi ya sampu ni vya bei ndogo. Sili ikivuja baadaye, itakubidi kuishusha giaboksi yote tena.

6. Ifunge kwa uangalifu. Toa waya wa betri. Motokaa isimame juu ya stendi imara, kamwe isitegemee jeki peke yake. Bakuli zito la mbele, liitwalo toki-konveta, lisukumwe na kuzungushwa mpaka liingie kabisa mahali pake. Giaboksi na injini zikutane kwa mkono. Zisipokutana, usizivute kwa kukaza bolti, maana utavunja pampu ya oili. Ishushe, uanze tena.

7. Tia oili iliyoagizwa na mtengenezaji. Oili ya gia za kawaida haifai katika CVT. Katika motokaa nyingi zenye kijiti cha kupimia, washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote, kisha upime injini ikizunguka na oili ikiwa ya moto. Pasipo kijiti, mwachie fundi anayeijua aina hiyo.

Sasa kuiboresha. Adui mkubwa wa giaboksi ya otomatiki ni joto, na mizigo, vilima na mchanga wa mito yetu huliongeza. Ukibakiwa na fedha kidogo, ongeza kipoza-oili cha pili mbele ya rejeta, ili oili ipite humo kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Usizungushe magurudumu yaliyozama mchangani. Shuka, chimba, utandike matawi. Motokaa inayoendeshwa na magurudumu ya mbele ikiharibika, isikokotwe huku magurudumu hayo yakigusa chini.

Oili chafu isimwagwe mtoni. Mchanga wa mto ndimo tunamochimba maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Itie katika debe, umpelekee fundi mwenye pipa la kuikusanyia.

Mkulima mwenye fedha kidogo anaweza kupunguza gharama kwa kununua giaboksi iliyotumika. Asipunguze kwa oili, filta, sili na kazi ya kusafisha. Afyeke kichaka kwanza, ndipo alete ng'ombe.