Jasho la Fremu ya Alumini

Asubuhi ya Machi, katika mtaa wenye ofisi zinazowasha viyoyozi mapema, kati ya Magogoni na Kariakoo jijini Dar es Salaam, si ajabu kumkuta mhudumu akifuta madirisha kwa upande wa nje. Mvua haijanyesha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25, na fremu ya alumini inayopozwa kutoka ndani hushuka chini ya hapo upesi.

Fremu kama hiyo wataalamu huiita daraja la joto: sehemu ya jengo inayopitisha joto kwa wepesi kuliko sehemu zinazoizunguka. Abiria wa Kigamboni aliyefika Magogoni hupanda pantoni, hazunguki; joto nalo hufuata njia nyepesi. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao laini. Slabu ya zege inayotokeza nje kuwa roshani huota jua mchana kutwa, kisha huliingiza joto hilo hadi sebuleni, na bili ya umeme hulipwa na mpangaji.

Soko Kuu la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, halikuhitaji hesabu ya madaraja ya joto. Upepo ulipita chini ya mapaa yake ya zege, ndani na nje hewa ikawa moja. Hesabu huanza pale jengo linapofungwa vioo na kupozwa kwa mashine.

Programu ya THERM, kutoka maabara ya Lawrence Berkeley huko California, hupatikana bure. Msanifu huchora mkato wa dirisha au slabu, hutaja kila sehemu imejengwa kwa malighafi gani, kisha huweka joto la nje na la ndani. Programu huugawa mchoro vipande vidogo vidogo, hukokotoa, na kuonyesha kwa rangi joto linapopenya. Kwa kona zinazokutanisha kuta na slabu, mkato mmoja hautoshi. HEAT3 ya Uswidi hukokotoa pande zote tatu.

Tahadhari ipo. Vipimo vya Marekani vya madirisha, vinavyotumiwa sana kwenye THERM, huweka nje nyuzi 18 chini ya sifuri. Anayevichukua vilivyo anasanifu nyumba ya theluji. Aliye Dar es Salaam aweke nje 32, ndani 24, na akumbuke kwamba hesabu hiyo haifuati mzunguko wa jua. Kivuli bado kinatangulia.

Faida kubwa zaidi ya hesabu hii iko kwenye vyumba vya baridi vya samaki, biashara ambayo soko la samaki la Feri linaijua vizuri. Ndani nyuzi 18 chini ya sifuri, nje 32: tofauti ya nyuzi 50. Boliti moja ya chuma iliyotoboa paneli, au sakafu ya zege inayopita chini ya mlango bila kukatwa na kihami, hutosha kuleta maji na barafu.

Mkato mmoja huchorwa kwa saa chache, lakini zege likishamwagwa halirudi. Mwenye jengo, kabla ya kuagiza alumini, mwombe msanifu wako akuonyeshe picha hiyo ya rangi, na muulize fundi kama fremu zake zina kipande cha plastiki kinachotenganisha nje na ndani.