Ukingo Huanza Kuanguka Chini

Leo tunazungumzia ardhi inayoporomoka, na namna ya kuizuia.

Tuanzie Bujumbura. Mto Ntahangwa huteremka kutoka milima ya Mirwa, hupita katikati ya mji, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Kama uliwahi kuishi Nyakabiga, Mutanga au Mugoboka, unazijua kingo zake: kuta ndefu za udongo na mchanga ambazo mvua zikija humeguka. Nyumba iliyojengwa mbali na mto sasa iko ukingoni.

Wengi hudhani ukingo huliwa kutoka juu. Kidonda kikubwa kiko chini. Mto ukijaa, maji huchimba mguu wa ukingo, na sehemu ya juu hubaki ikining'inia. Mvua huulowesha udongo huo, unakuwa mzito, kisha unakatika kwa mara moja. Mara nyingi huanguka baada ya maji kupungua, watu wakiwa wamerudi ndani wakidhani hatari imepita.

Nasi binadamu tunaongeza nguvu ya maji. Milima ikikosa miti, mvua haizami ardhini, hukimbilia mtoni. Mabati na barabara za mji hazinywi maji. Wanaochota mawe na mchanga mtoni huondoa kile kinachopunguza kasi yake. Usiku mmoja wa Februari 2014, maji ya korongo la Gatunguru, kaskazini mwa mji huo huo, yaliua watu zaidi ya 60.

Je, ardhi inaweza kuokolewa? Tazama Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, penye magofu ya misikiti na ngome za kale. Huko maji yanayokula ardhi ni ya bahari, lakini kazi yake ni ile ile. Mawimbi yalichimba ufuko chini ya ngome iitwayo Gereza. Mwaka 2004 UNESCO iliyatia magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wakazi na wataalamu wakajenga kuta za kuzuia mawimbi, wakapanda mikoko ishike udongo. Mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha hiyo. Walianza na mguu wa ukingo.

Nawe kambini unaweza kuanza hapo. Korongo kubwa lilikuwa mfereji mdogo. Lingali dogo, wewe na majirani pangeni mawe au viroba vya mchanga kulikatiza, kimo kisichozidi goti, katikati pakiwa chini kidogo ili maji yapite. Rudieni hivyo kila baada ya hatua chache kushuka mteremko. Pandeni matete au vetiva kandokando. Msichimbe udongo wa matofali karibu na ukingo, wala msitupe taka ndani, kwa maana maji yaliyozibwa hutafuta njia nyingine, pengine kwenye nyumba ya jirani.

Ukiona ufa mpya ardhini, mti ulioinama, au mlango unaokwama ghafla, usingoje asubuhi. Toa watoto kwanza, lala mbali na ukingo, umwarifu kiongozi wa mtaa wako. Hata mvua ikikatika, usirudi kabla pahali hapo hapajakaguliwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.